Nyota Isiyohama

Barazani kwetu Malindi habari ya teknolojia haipiti hivi hivi. Kijana atasoma kwenye simu yake kwamba roketi moja imepanda na setilaiti makumi kwa mpigo, na kabla hajameza mate atatokea wa kumkata: hilo si jipya, liliandikwa zamani kwenye hadithi. Basi kahawa hupoa. Mmoja atamleta Jules Verne na nyambizi yake, mwingine ataleta filamu aliyoiona akiwa darasa la sita, na wa tatu, ambaye hajasoma wala hajaona, ndiye atakayepaza sauti kuliko wote. Sijapata kuona ubishi wa aina hii ukiisha kwa mtu kukubali. Huishia kwa adhana, au kwa mvua.

Jioni moja jina lililotupwa katikati lilikuwa la Arthur C. Clarke. "Huyu Mwingereza," alisema kijana anayesomea umeme chuoni, "aliandika hadithi za anga, na setilaiti ilizaliwa humo humo ndani ya hadithi. Wahandisi walinakili tu." Mwalimu mmoja mstaafu akamjibu kwamba hadithi ni hadithi, na mhandisi hanakili ndoto. Wakavutana hivyo kama robo saa. Fundi wa madishi alikuwa amekaa pembeni na mfuko wake wa spana miguuni. Kwa kawaida fundi huyu hasemi mpaka aulizwe bei. Safari hii hakuulizwa.

"Mwanangu, unasema setilaiti. Ipi? Maana ziko zinazokimbia, na ziko zilizokaa."

Mimi nilikuwa nimesoma vitabu viwili vitatu vya Clarke nikajiona mjuzi, lakini swali la fundi ndilo lililonirudisha nyumbani nikaanza upya.

Tuanze na zile zilizokaa. Chombo kinachozunguka dunia kwa chini chini, kilomita 400 hivi, humaliza mzunguko mmoja kwa dakika 90 na kitu. Mwezi, ulio kilomita 384,400 kutoka tulipo, huchukua siku 27. Kadiri unavyopanda ndivyo mwendo unavyopoa na njia inavyorefuka. Basi mahali fulani kati ya dakika 90 na siku 27 lazima pawe na kimo ambapo mzunguko unachukua siku moja, sawasawa na dunia inavyojizungusha yenyewe. Kimo hicho ni kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ukikiweka chombo hapo, kielekee mashariki pamoja na dunia, aliye chini atakiona kimeganda mahali pamoja usiku na mchana, kama msumari uliopigiliwa darini. Kinakwenda kilomita tatu kila sekunde, na hakibanduki.

Ndiyo maana dishi la nyumbani hufungwa mara moja, likakazwa bolti, likasahauliwa. Lingekuwa la kuifuata setilaiti inayokimbia, lingetaka mota na hesabu za kila dakika, na mama mwenye hoteli asingelinunua. Lakini upo ukanda mmoja tu wa namna hii, nao uko juu ya ikweta. Huwezi kuisimamisha setilaiti juu ya London wala juu ya Moscow. Hesabu haikubali.

Clarke hakuwa wa kwanza kuijua hesabu hiyo. Herman Potočnik, kapteni wa zamani wa jeshi la Austria mwenye asili ya Kislovenia, alikwisha kuandika juu ya kituo cha watu kilichosimama kwenye kimo hicho, katika kitabu kilichotoka mwishoni mwa miaka ya 1920. Swali la Clarke lilikuwa jembamba zaidi: kitu kilichosimama juu namna ile kinaifaa nini redio? Alikuwa na miaka 27, ofisa wa rada katika jeshi la anga la Uingereza, na jibu lake lilichapishwa Oktoba 1945 katika Wireless World, jarida la watu wa redio. Si hadithi. Ni makala yenye michoro na milinganyo, isiyo na mhusika wala kisa. Kwa hiyo kijana wetu alikosea, maana setilaiti ya Clarke haikutoka kwenye hadithi, na mwalimu naye alikosea, maana mwandishi wa hadithi na mwenye hesabu walikuwa mtu mmoja. Nilipowaletea habari hii barazani, kila mmoja alidai imemuunga mkono yeye.

Katika makala ile Clarke alisema vituo vitatu vinatosha kuipigia dunia nzima matangazo, na akapendekeza pa kuviweka. Kimoja nyuzi 150 mashariki, kwa ajili ya China na visiwa vya Pasifiki. Kimoja nyuzi 90 magharibi, kwa ajili ya Amerika zote mbili. Kimoja nyuzi 30 mashariki, kwa ajili ya Afrika na Ulaya.

Nilitoa ramani ya mwanangu, nikaitandika mkekani, nikaufuata mstari wa ikweta kwa kidole mpaka pale unapokutana na nyuzi 30. Kidole kikatua magharibi mwa Uganda, si mbali na Kasese. Ruwenzori iko kaskazini kidogo, na mpaka wa Kongo uko jirani kabisa. Barabara hukata ikweta maeneo hayo, na watalii husimama kupiga picha, mguu mmoja huku na mmoja kule. Nilikaa nikikitazama kidole changu. Mwaka 1945 kijana wa Kiingereza mwenye rula alikuwa amekipandisha kituo chake juu ya vichwa vya watu wa pale, akakipa kazi ya kuwahudumia Waafrika na Wazungu kwa pamoja, na halikumpitia akilini kwamba ipo siku wenye mji watauliza kodi ya kiwanja. Watauliza. Tutafika.

Kwanza nieleze alivyoijaza nyumba hiyo, maana wanaopenda kusema Clarke alitabiri kila kitu huliruka hili. Aliijaza watu. Aliyewahi kuiona redio ya valvu anajua kwa nini. Marehemu babu yangu alikuwa nayo moja, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Ukiiwasha hupati sauti, unangoja. Ndani kule vichupa vya kioo vinaanza kuwaka rangi ya kaa la moto, mbao zinapata joto, harufu ya vumbi linaloungua inatoka, ndipo sauti ya mtangazaji inajikokota kutoka mbali. Na kila baada ya muda valvu moja huungua, redio ikanyamaza mpaka fundi aje na nyingine mfukoni. Sasa ichukue redio hiyo, uikuze maradufu mara nyingi, uipandishe kilomita elfu thelathini na ushei. Nani atabadilisha valvu? Clarke alijibu kama mtu mwenye akili zake angejibu mwaka ule: watakuwapo mafundi wanaoishi huko huko, wenye vyumba vya kulala, na roketi za kuwapelekea mahitaji na kubadilisha zamu. Setilaiti yake ilikuwa ofisi ya posta angani, na makarani wake ndani.

Miaka miwili baadaye, Desemba 1947, katika maabara za Bell huko Marekani, ilitengenezwa transista ya kwanza. Kitu kidogo, kisichotaka kupata moto, kisichoungua kama valvu. Makarani wote wa Clarke walifutwa kazi kabla hawajaajiriwa.

Nalipenda kosa hili kuliko usahihi wake wote. Kimo alikipata, nyuzi alizipata, idadi ya vituo aliipata, kwa sababu hivyo vimo ndani ya hesabu na hesabu hazina tabia. Alipowaleta watu ndipo mambo yalipomponyoka. Na si yeye peke yake. Mwaka 1869 Mmarekani aitwaye Edward Everett Hale alianza kuchapisha katika The Atlantic Monthly hadithi ya mwezi wa matofali. Hii ndiyo hadithi hasa, na kama mwalimu wetu angeijua angekuwa na silaha. Watu wanajenga tufe kubwa la matofali, walitupe angani liwe alama, ili mabaharia walipime na kujua walipo baharini. Yaani kile kinachomwambia mwenye bodaboda leo apinde kushoto, Hale alikifikiria miaka tisini hivi kabla setilaiti ya kwanza ya kazi hiyo haijarushwa. Lakini mwezi wake unaponyoka kabla ya siku, ukaondoka na wajenzi na familia zao ndani, nao huko juu wanawasiliana na walio chini kwa kurukaruka: mruko mrefu, mruko mfupi, kama herufi za simu ya upepo. Kifaa ni cha karne ya ishirini, watu wake ni wa kijiji cha Hale.

Turudi kwenye chuma halisi. Setilaiti ya kwanza iliyojaribiwa kwa mzingo huu wa siku moja, Syncom 1, ilirushwa Februari 1963 ikanyamaza njiani. Syncom 2 ilipanda Julai mwaka huo ikafika salama. Ilikuwa nyepesi kuliko gunia la mahindi la kilo 90, bila fundi ndani, bila kitanda. Haikuwa imesimama kabisa. Kwa kuwa njia yake iliinama, ukiitazama kutoka chini ilichora namba nane angani kila siku. Iliyosimama kweli ni Syncom 3 ya mwaka 1964, iliyowapelekea Wamarekani picha za Olimpiki ya Tokyo.

Simu ya Syncom 2 ndiyo inayonipendeza. Tarehe 23 Agosti 1963 Rais John F. Kennedy, akiwa Ikulu ya Washington, alizungumza na Waziri Mkuu wa Nigeria, Abubakar Tafawa Balewa. Balewa hakuwa ofisini kwake. Alikuwa ndani ya meli ya Marekani, Kingsport, iliyokuwa bandarini Lagos, kwa sababu mitambo ya kupokea ilikuwa melini. Ndiyo yalikuwa mazungumzo ya kwanza ya wakuu wa serikali wawili kupitia setilaiti, na mmoja wao alikuwa Mwafrika ambaye nchi yake haikuwa imetimiza miaka mitatu ya uhuru. Nimewahi kulitaja hili barazani mara mbili. Mara zote mbili nimeambiwa natunga.

Sauti zao zilikuwa na kitu ambacho wazee wetu wanakikumbuka. Kwenda juu na kurudi chini ni zaidi ya kilomita 70,000, na hata mwendo wa mwanga unachukua robo sekunde kuzimaliza. Jibu nalo lina robo yake. Wenye umri wa kutosha, waliopiga simu ng'ambo enzi za kituo cha Longonot, kilichofunguliwa mwaka 1970 kule Bonde la Ufa, wanajua ilivyokuwa: unasema "haloo", kimya, unadhani hakusikia, unasema tena, hapo hapo na yeye anajibu ile ya kwanza, mnagongana, mnanyamaza wote, kila mtu anamngoja mwenzake, na dakika zinalipiwa. Shangazi yangu mmoja alikata shauri: alikuwa akisema habari zake zote kwa pumzi moja mpaka mwisho, kisha ndipo anamruhusu mumewe aliye Uingereza aseme zake. Kama barua, ila ya kupaza sauti.

Sasa ile kodi ya kiwanja. Kufikia miaka ya 1970 ukanda ule wa ikweta ulikuwa umeanza kujaa, na waliokuwa wakiujaza ni wenye roketi. Aliyewahi alikaa. Desemba 1976 nchi zilizoko chini ya ukanda huo zilikutana Bogotá, Colombia. Kenya ilikuwapo. Uganda ilikuwapo. Zaire ilikuwapo, pamoja na Kongo ya Brazzaville, Ekuado, Indonesia, Brazil na wenyeji wenyewe. Likatolewa tamko kwamba ukanda huo ni mali ya asili iliyo haba, kwamba unatokana na mvutano wa dunia na si sehemu ya anga za mbali, na kwamba kila nchi ina haki juu ya kipande kilicho juu ya ardhi yake. Anayetaka kuegesha chombo chake hapo abishe hodi.

Ukinisomea dai hilo kama fizikia, nitacheka. Mvutano wa dunia haukomi kwenye kimo hicho, unaushika hata mwezi, na kwa hoja hiyo mwezi nao ungekuwa na hati miliki Kampala. Kisheria nalo lilikuwa na kikwazo: Mkataba wa Anga wa 1967 unakataza taifa lolote kujimilikisha sehemu ya anga. Mataifa makubwa yalilipuuza tamko, na setilaiti hazikuacha kupandishwa. Hata hivyo siwezi kuwacheka waliolitoa. Walikuwa hawana roketi, hawana viwanda, wana kitu kimoja ambacho wenye roketi hawakuwa nacho, nacho ni mahali walipozaliwa. Wakakitia mezani. Na mwaka 1988, katika mkutano wa Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, ulipitishwa mpango uliotengea kila nchi angalau nafasi moja katika ukanda ule kwa baadhi ya masafa, iwe na roketi au isiwe nayo, ya ikweta au ya theluji. Si kodi ya kiwanja. Ila angalau mlango haukufungwa kwa ndani.

Hata hapa kwetu roketi tumeziona, tena kwa macho. Ngomeni, mwendo mfupi kaskazini ya Malindi, Waitaliano walikuwa na majukwaa yao baharini, San Marco, nao walirusha setilaiti kutoka hapo kuanzia 1967 hadi 1988. Walipapenda kwa sababu ile ile: karibu na ikweta dunia yenyewe inakimbia kuelekea mashariki kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inapewa msukumo huo bure. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, hapo ilirushwa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka kwenye nyota, nayo ikaitwa Uhuru. Mkuu wa mradi huo huko NASA alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend. Kazi ya setilaiti hiyo ndiyo iliyowafanya wataalamu waanze kukichukulia chanzo cha mionzi hiyo kiitwacho Cygnus X-1 kuwa shimo jeusi. Hii ilikuwa ya zile zinazokimbia, si ya zile zilizokaa, na fundi akipenda atanikumbusha. Lakini neno la Kiswahili limo katika vitabu vya elimu ya nyota vya dunia nzima, na barazani bado tunabishana kama Wazungu wametuibia hadithi.

Clarke mwenyewe alihamia Ceylon mwaka 1956 akaishi huko, nchi ikabadilika jina ikawa Sri Lanka, hadi alipofariki mwaka 2008. Mwaka 1975 India ilipokuwa ikijaribu kurusha vipindi vya televisheni vijijini kwa setilaiti, wahandisi wake walimfungia dishi kubwa nyumbani kwake Colombo. Mtu alipiga hesabu akiwa kijana, akaishi mpaka kuletewa jibu nyumbani, likiwa na bolti na waya. Na alipotunga riwaya yake ya mwaka 1979 kuhusu lifti ya kupanda kutoka ardhini hadi kwenye ule ukanda wa siku moja, alihitaji kisiwa kilichoko ikweta. Sri Lanka haiko ikweta. Akaisogeza kusini kwa kalamu, kilomita 800. Ni haki ya mtunzi, simlaumu. Ila nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini nikacheka peke yangu, kwa sababu katika ramani ile ile palikuwa na nchi nzima nzima ambazo hazikuhitaji kusogezwa hata unyayo.

Haya yote nilimpelekea fundi. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akanialika kazini, maana alikuwa na shughuli juu ya nyumba moja ya wageni na alihitaji wa kumshikia ngazi.

Kule juu palikuwa na dishi la zamani la futi nane, la bati zima, limeanza kutu pembeni. Aliyezoea kuona picha za London angedhani limeanguka. Kule madishi husimama karibu wima, yakitazama kusini, kwa sababu wao wako mbali na ikweta na setilaiti kwao iko chini angani. Malindi, kwa setilaiti iliyosimama nyuzi 36 mashariki, ni nyuzi 84 kutoka usawa wa ardhi. Karibu utosini. Kwa hiyo dishi linalala chali kama karai la kutengenezea mahamri, na hilo lilikuwa limejaa maji ya mvua za wiki nzima. Viluwiluwi vya mbu vilikuwa vikiogelea ndani, vimeshiba.

"Huyo Clarke wako," fundi aliniuliza huku akitafuta mwiba wa drili mfukoni, "kwenye ile makala yake kuna habari ya mvua?"

Nikamwambia hakuna.

"Haya, inama."

Alitoboa tundu moja dogo chini kabisa ya dishi, pale bati linapokutana. Maji yakatoka kwa mkupuo, yakapiga mabati, yakateremka hadi uani, na mwenye nyumba akapaza sauti kutoka chini kuuliza ni nani huyo anayemlowesha mashuka aliyoanika.